Maji ya Jicho, na Jinsi Wataalamu Walivyoyatambua

Mama ajuaye kununua samaki hatazami magamba kwanza, hutazama jicho. Likiwa jeusi lenye kung'aa, hununua. Likiwa na ukungu mweupe, huenda kwa mchuuzi mwingine, wala hasikilizi viapo. Wachinjaji wa mbuzi nao wajua vivyo hivyo. Kichwa kilichokatwa alfajiri, jicho lake ni kama kioo. Ifikapo jioni limefifia kama dirisha lililopulizwa pumzi. Watu husema, "Limekauka." Neno hili lina kweli kidogo, maana ngozi ya juu kabisa hukaushwa na upepo. Lakini ndani yake mambo ni kinyume. Dirisha la jicho la mnyama aliyekufa hupoteza uangavu wake kwa kuwa limekunywa maji.

Jambo hili tulilijaribu darasani, katika chuo tunachofundishia walimu. Tulipata jicho la mbuzi kutoka kwa mchinjaji, tukakikata kwa wembe kile kioo cha mbele, tukakitia katika bakuli la maji safi, tukafunika. Asubuhi ya pili tulikuta kitu kinene, laini, cheupe kama nyama ya dafu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, maji ni maangavu, na kioo hiki kilikuwa kiangavu. Imekuwaje viangavu viwili vikutane, vizae weupe?" Siku ile hatukuwa na jibu lililo tayari. Tulikwenda kulitafuta vitabuni, tukaona kwamba wataalamu wenyewe walilitafuta kwa muda wa miaka mingi, na kwamba kabla yao watu walikuwa wamekwisha kuyasingizia maji ya jicho mambo yasiyo yake kwa karne nyingi. Habari hiyo ndiyo tutakayosimulia.

Kwanza na tuyataje majina, tusije tukapotezana njiani. Kioo cha mbele ya jicho, kile kifunikacho sehemu nyeusi, wataalamu hukiita konea. Unene wake katikati ni kama nusu ya milimita tu. Nyuma yake yamo maji maangavu, na nyuma ya maji hayo mna mboni, yaani tundu la kupitia nuru. Na nyuma ya mboni imekaa lenzi, umbo lake kama dengu kubwa. Nyuma ya lenzi jicho limejaa ute mzito ulio karibu kuwa maji matupu, maana katika sehemu 100 za uzito wake 98 au 99 ni maji. Ukutani mwa nyuma umetandikwa utando upokeao picha. Basi jicho ni kama mtungi uliojaa maji, nao hauna budi kupitisha nuru toka mdomoni hata chini pasipo kuizuia.

Matabibu wa kale walilijua umbo hili, ila walikosea kazi ya viungo. Galen, tabibu mkuu wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamon, alifundisha kwamba lenzi ndiyo chombo chenyewe cha kuonea. Akasadikiwa kwa miaka zaidi ya 1000. Sasa tazama jinsi kosa moja lilivyozaa la pili. Mtu akishikwa na mtoto wa jicho, huonekana weupe nyuma ya mboni. Tabibu akitia sindano na kuusukuma weupe ule chini, mgonjwa huona nuru tena. Ikiwa lenzi ndiyo ionayo, basi haiwezekani weupe ule uwe lenzi yenyewe, kwani angaliisukuma lenzi angaliua kuona. Hivyo wakasema: weupe ule ni maji mabaya yaliyoteremka toka kichwani, yakaingia kati ya mboni na lenzi, yakaganda huko. Walatini wakauita ugonjwa kwa jina la maporomoko ya maji, na jina hilo limebaki katika lugha za Ulaya. Waarabu waliuita kuteremka kwa maji, na hata leo kwa Kiarabu mtoto wa jicho ni maji meupe. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri karibu na mwaka 1000, aliandika habari za sindano yenye tundu ya kuyafyonza maji hayo. Alikuwa fundi hodari sana. Na alichokuwa akifyonza ilikuwa lenzi laini iliyoharibika.

Hatuwacheki watu hawa. Walikosea jina la kitu, lakini mikono yao iliwarudishia nuru watu wengi. Kosa liponyalo ndilo gumu kung'oka.

Liling'olewa na maiti ya askari. Mwaka 1705 tabibu mmoja Mfaransa, Pierre Brisseau, alipata maiti ya askari aliyekuwa na mtoto wa jicho. Akalitia jicho lile sindano kama ilivyokuwa desturi, akausukuma weupe chini, kisha akafanya jambo lisiloweza kufanywa kwa mtu aliye hai: akalipasua jicho atazame alichokisukuma. Kumbe ni lenzi! Hapakuwa na maji yaliyoganda popote. Wakuu wa elimu wa Paris hawakumwamini upesi, lakini mwaka 1707 Antoine Maître-Jan naye alichapisha kitabu chenye neno hilo hilo, na mwaka 1747 Jacques Daviel akaanza kuitoa lenzi iliyoharibika nje ya jicho badala ya kuisukuma tu. Taarifa yake ilipochapishwa mwaka 1753, ile habari ya maji yateremkayo ilikuwa imekwisha heshima.

Hapo wataalamu, kama wafanyavyo watu waliodanganywa, wakaacha kuyatazama maji kabisa. Kwa muda mrefu uangavu wa jicho ulichukuliwa kuwa tabia ya nyama zake tu, kama ugumu ulivyo tabia ya jiwe. Mtu haulizi kwa nini kioo ni kiangavu mpaka kioo kinapoingia ukungu.

Aliyeuliza alikuwa Mjerumani, jina lake Theodor Leber, mwalimu katika chuo kikuu cha Göttingen. Mwaka 1873 alitoa maandiko yake juu ya mwendo wa maji ndani ya jicho. Yeye aliiangalia tabaka moja tu, iliyo nyuma kabisa ya konea, ielekeayo maji ya ndani. Tabaka hiyo ni seli zilizopangwa mstari mmoja, hakuna seli iliyopanda juu ya mwenzake. Ni nyembamba mno hata jicho tupu haliwezi kuiona. Leber aliondoa seli hizo katika macho ya wanyama, akaziacha tabaka nyingine zote. Konea ikavimba, ikawa na ukungu mahali pale pale zilipoondolewa. Basi maji ya ndani, yaliyo maangavu na yenye kuilisha konea, ndiyo yale yale yanayoiharibu yasipozuiwa. Na kizuizi chake ni utando wa seli safu moja.

Wasikilizaji wa pwani wataelewa upesi tukisema hivi. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja, hata kiwe kimekalafatiwa vizuri namna gani. Hakizami kwa sababu yupo baharia aliyeshika upo, akiyakumba maji na kuyamwaga baharini. Wageni waliokaa juu hawamwoni, tena hawamjui jina. Akilala, ndipo watakapomjua.

Lakini tumekimbilia mbele ya historia. Leber alikuwa ameonyesha kwamba seli zile ni ukuta; kwamba zafanya kazi ya baharia hakuonyesha, na kwa miaka 80 watu walibishana. Ubishi huu haukuwa wa vitabuni tu, kwani wagonjwa walikuwako. Mwaka 1910 Ernst Fuchs wa Vienna alieleza habari za wazee 13 ambao konea zao ziliingia ukungu pole pole. Wagonjwa wa namna hii wana jambo la ajabu: huamka asubuhi wakiona ukungu mzito, na kadiri jua lipandavyo ndivyo waonavyo vizuri zaidi. Sababu yake sasa twaijua. Usiku jicho likifumbwa, machozi hayageuki mvuke, wala maji hayapungui kwa mbele. Mchana jicho likiwa wazi, upepo huyachukua machozi, yaliyosalia huzidi chumvi, nayo huyavuta maji toka ndani ya konea. Hata konea ya mtu mzima wa afya hunenepa kidogo usingizini, ikarudi kiasi chake baada ya kuamka. Ila yeye hajui, maana baharia wake yu macho. Fuchs mwenyewe alidhani ugonjwa uko katika ngozi ya mbele. Baadaye ikajulikana kwamba mzizi wake uko nyuma, katika seli zile zile za Leber, ambazo huwa zimepungua na kuchoka.

Miaka michache kabla ya hapo, tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olmütz, ambao sasa waitwa Olomouc katika nchi ya Cheki, Eduard Zirm alikuwa amefanya kazi iliyowashinda wote waliomtangulia. Alikata kipande cha konea kutoka katika jicho la mtoto, ambalo halikuweza kuponywa baada ya kuumizwa na chuma, akakipandikiza kwa kibarua aliyepofushwa na chokaa. (Wapikao na kuzima chokaa katika nchi yetu na wayasikie haya: chokaa ikiruka jichoni, ni kuosha kwa maji mengi pale pale na kwa muda mrefu, ndipo kwenda kwa daktari, si kungoja kufika kwa daktari ndipo uoshe.) Wengine kabla ya Zirm walijaribu konea za wanyama, zikageuka nyeupe. Yeye alitumia konea mbichi ya binadamu, akaitunza katika vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na jicho moja la yule kibarua likabaki angavu. Pengine Zirm hakujua kwamba alikuwa amewahamisha mabaharia wakiwa hai. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa turudi kwenye ubishi. Mwaka 1942 wataalamu wawili wa Boston, David Cogan na Everett Kinsey, walileta maelezo yaliyopendwa na wengi. Walisema konea huwa kavu kwa ajili ya chumvi. Machozi yaliyo mbele na maji yaliyo nyuma yana chumvi zaidi kidogo kuliko konea, basi huyavuta maji toka humo, kama chumvi iyavutavyo maji toka katika nyama ya samaki mpaka akawa ng'onda. Hakuna kazi wala baharia. Ni chumvi tu na ukuta usiopitisha chumvi. Maelezo haya ni mazuri, na kwa upande wa machozi yana kweli: hata leo madaktari hutoa dawa ya matone yenye chumvi nyingi kwa macho yaliyovimba hivyo. Lakini kwa upande wa nyuma yalianguka. David Maurice wa London alitumia sodiamu yenye mnururisho, ambayo mwendo wake waweza kufuatwa, akaona mwaka 1951 kwamba chumvi yapita katika tabaka ile ya nyuma. Na chumvi ipitayo ukuta haiwezi kuyavuta maji siku zote, maana baada ya muda hulingana pande zote mbili.

Kilichoukata ubishi kilitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika sanduku la barafu. Kwa kuwa upandikizaji ulikuwa umezidi, na Vladimir Filatov wa Odessa alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1930 kwamba konea za wafu zafaa, watu walianza kutunza macho katika baridi. Mwaka 1944 banki ya macho iliundwa New York. Macho yaliyowekwa katika baridi yalivimba konea, na ilidhaniwa kwamba huo ni mwanzo wa kuoza. Mwaka 1955 Hugh Davson katika Uingereza, na Harris pamoja na Nordquist katika Marekani, waliyachukua macho ya namna hiyo wakayatia joto kama la mwili. Konea zikanywea! Maji yaliyokuwa yameingia yakatoka yenyewe, na uangavu ukarudi. Sasa chumvi haijui baridi wala joto kwa kiasi hicho. Kifanyacho kazi penye joto na kulala penye baridi ni kitu kilicho hai, chenye kula na kupumua. Baharia alikuwa amelala kwa baridi. Alipopata moto akaushika upo wake.

Ilibaki kujua amekaa wapi, mbele au nyuma. Saiichi Mishima na mwenzake Kudo walikwisha kufanya majaribio ya konea za sungura mwaka 1967, na mwaka 1972 Maurice akalimaliza neno: aliiondoa ngozi ya mbele, akaona kwamba maji yaendelea kutolewa na tabaka ya nyuma peke yake. Ndizo zile seli za Leber. Tangu Leber hata hapo ilikuwa imepita miaka 99.

Na swali la mwanafunzi wetu? Hilo nalo lilijibiwa na Maurice, katika maandiko yake ya mwaka 1957. Konea imefanywa kwa nyuzi za kolajeni, nyembamba hivi kwamba nyuzi 1000 zikilazwa ubavu kwa ubavu hazitimizi unene wa unywele wa kawaida. Zimelala katika tabaka zaidi ya 200, moja juu ya nyingine, na katika kila tabaka nyuzi zote zaelekea upande mmoja, unene wake ni sawasawa, na nafasi kati yake yalingana. Kila uzi hutawanya nuru kidogo. Lakini kwa kuwa zimepangwa kwa kipimo, ile nuru iliyotawanywa na uzi huu hubatilishwa na iliyotawanywa na jirani zake, isibaki ila iendayo mbele. Baadaye wengine walionyesha kwamba mpango hauna haja ya kuwa kamili kama alivyodhani Maurice, bali watosha jirani kwa jirani kuwa na nafasi zilingane. Ushahidi mzuri kuliko wote kila mtu anao usoni. Weupe wa jicho pia umefanywa kwa kolajeni, nyuzi za jamii ile ile. Lakini hizo ni nene kwa nyembamba, nazo zimesokotana ovyo kama makumbi. Kwa hiyo ni nyeupe. Dirisha na ukuta vimejengwa kwa mti mmoja, tofauti ni fundi.

Konea yenye afya ina maji kama sehemu 78 katika 100 za uzito wake. Si kavu, basi, na maji si adui yake. Kiasi hicho ndicho kizishikacho nyuzi katika nafasi zao. Maji yakizidi, ule ute ulio kati ya nyuzi huyafyonza na kufura, nyuzi husukumwa huku na huku, na hutokea vidimbwi vidogo visivyo na uzi hata mmoja. Nuru hukutana na dimbwi, kisha nyuzi, kisha dimbwi, na kila mpakani hupotoka. Tulimwambia mwanafunzi wetu atazame povu la wimbi. Maji ni maangavu, na hewa ni angavu. Lakini vikichanganyika vipande vipande, povu ni jeupe kama pamba. Akasema, "Basi Mwalimu, weupe si wa maji, ni wa vurugu." Hatukuweza kulisema vizuri kuliko hivyo.

Lenzi nayo ina habari yake, ingawa tutaipitia kwa haraka. Karibu theluthi mbili za uzito wake ni maji, na iliyobaki ni protini zilizoshindiliwa pamoja. Nuru hupita kwa sababu zimekaribiana sana na kwa usawa. Zikikusanyika mafungu mafungu kwa uzee, lenzi huwa nyeupe. Ndiye mtoto wa jicho wa kawaida. Lakini katika miaka ya 1960 Jin Kinoshita, wa Marekani, alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba sukari ikizidi katika damu, huingia katika lenzi na kugeuzwa kuwa kitu kisichoweza kutoka, nacho huvuta maji. Lenzi hufura, nyuzi zake hupasuka, uangavu huondoka. Basi wale wazee waliosema mtoto wa jicho ni maji walipata kushuhudiwa kidogo, ingawa maji hayo hayakuteremka kutoka kichwani.

Jambo gumu katika habari za konea ni hili: mabaharia hawazaliwi tena. Mtu mzima ana kiasi cha seli 2500 katika kila milimita moja ya mraba, nazo hupungua kadiri ya umri. Ikifa moja, jirani zake hujinyosha kuziba pengo, lakini wachache mno hujigawa kuwa wawili. Zikipungua hata kama 500, upo hauwezi tena kushindana na maji. Kwa hiyo kwa karibu miaka 100 baada ya Zirm, mtu aliyeharibikiwa na safu moja ya seli ilikuwa lazima abadilishiwe konea nzima. Tangu mwaka 1998 Gerrit Melles wa Uholanzi na wengine waliomfuata walifundisha kupandikiza tabaka ya nyuma peke yake, na kuiacha konea iliyobaki ya mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 2018 kundi la Shigeru Kinoshita wa Kyoto, Japani (si yule Kinoshita wa lenzi), lilitoa taarifa ya wagonjwa 11 ambao konea zao zilikuwa zimevimba kwa kukosa seli hizo. Hawakupandikizwa kipande cho chote. Seli zilizotolewa katika macho ya wafu zilioteshwa kwanza katika vyombo mpaka zikawa nyingi, zikachanganywa na dawa ya kuzisaidia kushika, zikatiwa kwa sindano katika maji yaliyo nyuma ya konea. Kisha mgonjwa alilazwa kifudifudi kwa saa 3, uso chini, ili seli zizame kwa uzito wake mpaka kwenye konea, zishike na kujipanga. Baada ya majuma 24 konea za wagonjwa 10 katika 11 zilikuwa zimenywea.